Panya hana nidhamu, na hakosi nidhamu

Kila nikisikia mtu mnene anaambiwa "funga mdomo tu, utapungua", nawakumbuka panya wa maabara. Panya haendi harusini, wala hana shangazi wa kumwongezea sahani. Na bado hunenepa.

Curt Richter, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, alieleza mwaka 1938 jinsi alivyowawekea panya virutubisho mbalimbali, kila kimoja chombo chake: protini ya maziwa huku, mafuta ya zeituni kule, sukari, chumvi, na kadhalika. Hakuwapangia chochote. Wakajichagulia, wakakua vizuri. Katika majaribio yake mengine, panya waliokuwa wametolewa tezi za juu ya figo, ambao mwili wao huipoteza chumvi ovyo, waliyabugia maji ya chumvi wakapona. Bila chumvi ya ziada, wengi hufa. Ulimi uliwatosha kuwa daktari.

Mwaka 1976, watafiti Sclafani na Springer huko New York waliwalisha panya wao vyakula vya dukani: biskuti za chokoleti, salami, jibini, ndizi, siagi ya karanga, maziwa mazito ya kopo. Chakula cha kawaida cha maabara, vile vidonge vikavu, kilikuwepo pia. Panya wakaumuka kama maandazi.

Ulimi wa panya haukubadilika kati ya 1938 na 1976. Ninavyoona mimi, kwa Richter kila ladha ilikuwa na maana moja, ila kwenye biskuti sukari na mafuta vimeshikana, na ulimi haujui tena unachotafuta. Halafu kuna ule mchanganyiko wenyewe: ukichoka kitamu unahamia chenye chumvi, kisha unarudi. Mimi hushiba ugali kabisa, sitaki hata tonge moja, mpaka zije kaimati. Nafasi hupatikana.

Wanaopenda kuhubiri nidhamu wangewatazama pia panya wa mtafiti mwingine, Barry Levin. Kwenye chakula kile kile chenye mafuta na sukari nyingi, baadhi walinenepa na baadhi hawakunenepa. Akawazalisha kizazi baada ya kizazi, wanaonenepa peke yao na wasionenepa peke yao, na tofauti ikarithiwa. Wale wembamba hawakuwa wamejinyima kitu. Walikula mpaka wakatosheka, wakalala.