Wa kujitolea na macho ya watu Tanga: apime, agawe miwani, au afuatilie?

Kila mpango wa macho unapofika vijijini mkoani Tanga, ubishi huwa uleule. Upande mmoja unataka mhudumu wa kujitolea afundishwe kupima uwezo wa kuona na agawe miwani ya kusomea papo hapo, ili mtu wa Kilindi au Mkinga asifunge safari ya mjini kwa ajili ya miwani ya bei ndogo. Upande wa pili unasema jicho halijaribiwi: aliyepata mafunzo ya siku chache aandike majina tu, kupima awaachie wenye taaluma. Nionavyo, wote wanabishania dakika tano za kupima, ilhali wagonjwa wengi hupotea katika wiki zinazofuata.

Wanaotaka agawe wana hoja nzito. Katika ripoti yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilitaja watu milioni 826 wasioona vizuri vitu vya karibu na ambao hawajapata miwani. Hali hiyo si ugonjwa. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na mtu akivuka miaka 40 anaanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu. Huko Assam, India, watafiti waliwapa miwani ya karibu wachuma chai wa miaka 40 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha tija yao ilipanda kwa takriban asilimia 21 zaidi ya wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Usambara nako kuna chai, na mkoa mzima una mafundi cherehani, wachambua mchele na wasuka mikeka. Kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri mtaalamu ni kumkatia riziki bila sababu.

Tena mkoa huu una ushahidi wake. Katika maeneo yenye usubi, ugonjwa unaopofusha na unaoenezwa na inzi wadogo, yaani milima ya Usambara upande wa Muheza, Korogwe na Lushoto, dawa ya ivermectin imegawiwa na wanakijiji wenyewe kwa miaka mingi. Hawapimi uzito; wanatumia fimbo ya urefu. Kuanzia sentimita 90 ni kidonge kimoja, kuanzia 120 viwili, kuanzia 141 vitatu, na aliyefika 159 anapewa vinne. Aliye chini ya 90, mjamzito na mgonjwa mahututi hawapewi. Kazi imewezekana kwa sababu uamuzi umewekwa kwenye fimbo, haukuachwa kichwani mwa mgawaji. Kipimo cha macho nacho kinaweza kufikishwa karibu na hapo, ingawa hakifiki kabisa.

Angalia kinavyofanywa, maana ndipo penye makosa. Kadi ya herufi E husimamishwa umbali ulioandikwa juu yake, mara nyingi mita 6. Umbali upimwe kwa kamba yenye fundo kila upande, wala usipimwe kwa hatua, kwa sababu hatua za mtu mrefu na za mtu mfupi hazilingani na mita moja ikipungua matokeo yote yanadanganya. Anayepimwa akae kivulini, kadi iwe kwenye mwanga, na jua lisimwelekee usoni. Jicho lifunikwe kwa kiganja kilichokunjwa kidogo kama kikombe: vidole vinaacha mianya ya kuchungulia, na kulikandamiza jicho kunaliachia ukungu kwa muda, kisha zamu yake ikifika linaonekana bovu. Kila jicho peke yake, siku zote. Wanaopimwa kwa macho mawili pamoja hupita vizuri kabisa huku jicho moja likiwa limekufa zamani.

Akishindwa mstari uliowekwa, anapewa kadi yenye tundu la pini, la upana wa milimita moja na kidogo, achungulie kupitia hapo. Akiona vizuri zaidi, tatizo huenda ni la miwani. Asipoona nafuu yoyote, huenda kuna ugonjwa wa jicho na miwani ya sandukuni haitamsaidia. Kitundu hicho ndicho chombo chenye thamani kubwa kwenye mkoba mzima, na ndicho kinachosahaulika nyumbani.

Miwani ya karibu hujaribiwa kwa maandishi au uzi ulioshikwa sentimita 40 kutoka usoni, kuanzia namba ndogo ya nguvu ya lenzi kwenda kubwa. Mwenye arobaini na kitu kwa kawaida hutoshwa na +1.00 au +1.50, hamsini na kitu karibu +2.00, na kuzidi 60 huwa +2.50 au +3.00. Watu hupenda ile inayokuza sana. Akipewa hiyo, itambidi alete kazi puani, kichwa kitamuuma, na wiki ya pili miwani imewekwa kabatini. Atasema miwani haifai, na jirani zake watamsikia.

Hapo wanaopinga wanaingia na hoja ambayo haijibiwi kwa mafunzo zaidi. Presha ya macho hula uoni kuanzia pembeni na kuacha katikati hadi mwisho. Mtu anaweza kuwa ameshapoteza sehemu kubwa ya neva ya jicho na bado akasoma mstari mdogo kabisa wa kadi. Mwenye kisukari naye anaweza kuona safi ilhali mishipa ya nyuma ya jicho inavuja. Anahitaji mboni ipanuliwe kwa dawa na jicho litazamwe ndani kila mwaka. Wote wawili wanaondoka mezani wamevaa miwani mipya, wanasoma, na wanasema wameshapimwa macho. Afadhali asiyepimwa, maana bado ana wasiwasi.

Kwa hiyo swali la kadi halitoshi. Kabla ya kugusa miwani mhudumu aulize: una kisukari? Kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa presha ya macho? Jibu likiwa ndiyo, miwani apewe na rufaa apewe, hata kama anasoma kila kitu. Una matone ya dukani unayoyatumia miezi na miezi? Baadhi yana steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na wekundu, ambazo zikitumika muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mhudumu mwenyewe asibebe tone lolote la dawa. Akibeba, ndani ya mwezi atakuwa duka. Jicho jekundu lenye maumivu, uoni ulioanguka ghafla, au mboni nyeupe kwa mtoto: siku hiyohiyo hospitali. Chokaa au saruji ikimwingia mtu jichoni, na hapa Tanga zinachomwa na kusagwa zote mbili, maji safi yamiminwe kwa nusu saa kwanza, ndipo bodaboda aitwe.

Sasa wiki zinazofuata. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote. Ameandikwa, ameelezwa afike Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Hafiki. Nauli ni ya watu wawili kwa sababu hawezi kwenda peke yake, anayemsindikiza ana shamba, mwenye uamuzi wa pesa ni mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na kuna mtu amemwambia asubiri ukungu uive. Huo ushauri wa kuuacha uive umepitwa na wakati. Kuusubiri ukomae sana huifanya operesheni kuwa ngumu zaidi. Katika nchi nyingi wanawake ndio wanaobaki bila operesheni, na sababu ni hizihizi. Hakuna daktari wa macho anayeweza kuzitatua akiwa kliniki. Jirani anaweza: anampigia mwana simu, anaunganisha watano wasafiri pamoja na msindikizaji mmoja au wawili, anamleta aliyekwisha fanyiwa ili asikike kwa mdomo wake.

Na baada ya operesheni kazi haijaisha. Matone hutumika kwa wiki kadhaa, lakini bandeji ikitolewa kesho yake na mtu akaona, wengi huyaacha. Maumivu yanayozidi, wekundu, usaha au uoni unaorudi nyuma ni dharura. Kumsubirisha hadi siku ya kliniki kunaweza kugharimu jicho. Halafu kuna jambo dogo linaloudhi: lenzi bandia kwa kawaida huwekwa ya kuona mbali, hivyo bila miwani ya karibu bibi ataona mnazi wa jirani na atashindwa kupepeta mchele. Ataiambia mitaa yote operesheni haikufaulu.

Posho ndiyo inayoamua haya yote yafanyike au yasifanyike. Ukilipa kwa kichwa kilichoandikwa, utaletewa kila mwenye jicho linalowasha. Ukilipa kwa miwani iliyotoka, +3.00 zitaisha mapema. Ukilipa kwa waliofika hospitali tu, wa mbali na wasio na ndugu wataachwa nje ya orodha. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa pamoja wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye posho, na ni hatua, ila macho yataingia kwenye kapu moja na malaria, lishe na uzazi. Ningependelea walipwe kiasi kilekile kila mwezi, na msimamizi achukue majina machache ya daftari, aende hadi mlangoni kuuliza.

Wanaobaki hawaoni ndio daftari huwafuta kwanza, kwa kuwa hakuna pa kuwapa rufaa. Hapo mhudumu ana kazi ya kutosha, na hana haja ya kumshika mtu mkono na kumvuta. Asiyeona ndiye anayemshika mwongozaji juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma, ndipo anahisi ngazi na mtaro kabla hajavifikia. Fimbo nyeupe ikisimamishwa ifike mfupa wa kifua. Fupi zaidi inamfikisha kwenye shimo kabla ya kulipiga. Noti zetu hazilingani urefu, kwa hiyo mtu akizipanga na kuzikunja kila moja kivyake, hadanganywi sokoni.

Mtoto asiyeona apelekwe kupimwa hospitali kwanza, ndipo izungumzwe shule, iwe Irente kule Lushoto au nyingine inayopokea wasioona. Wapo wanaofundishwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, huku wangeweza kusoma maandishi makubwa kwa miwani au kikuzio, na wengi wenye ualbino wamo humo. Muhula unaanza Januari, kwa hiyo kipimo hicho kifanyike kabla uandikishaji haujafungwa.