Mtaalamu naye ni kibarua

Saa nne za usiku Nairobi, California ndiyo kwanza mchana. Mtaalamu wa kujifunza kwa mashine anafungua kazi ya kunoa akili mnemba na kukuta swali moja, majibu mawili ya modeli, yaani mfumo wa akili mnemba unaojibu maswali; yeye ndiye wa kuyapima. Programu za majibu yote mawili zinafanya kazi bila hitilafu, na alama za usahihi ziko juu. Lakini jibu la kwanza limesawazisha data yote kwa kipimo kimoja, ndipo likatenga sehemu ya majaribio, hivyo habari za majaribio zimevuja kwenye mafunzo. Ni mwanafunzi aliyechungulia mtihani kabla ya siku. Mtaalamu anashusha alama, anaandika sababu, anapanga upya mistari miwili, anatuma.

Kosa lile haligunduliwi na kila mtu, na hapo ndipo wanaosifu miradi hii ya kunoa akili mnemba wanapopata nguvu. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba Wakenya waliochambua maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI, waundaji wa ChatGPT, kupitia kampuni ya Sama, walibaki na dola 1.32 hadi 2 kwa saa, ilhali mkataba wa OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50. Mtaalamu hulipwa mara kadhaa ya hapo, na hahitaji viza wala kuhama. Tena kuna faida isiyosemwa sana: ukishinda na makosa ya modeli kila usiku, unajua zinapoteleza kuliko utakavyofundishwa darasani.

Wapinzani hupenda kusema tunaifundisha mashine itakayotunyang'anya mkate. Hoja hiyo hainitishi. Ukikataa wewe, atafanya mwingine aliyeko Bangalore. Kinachonikera ni saa zisizohesabiwa. Mwongozo wa mradi huwa mrefu kama kitabu na unaweza kubadilishwa katikati ya wiki. Mara nyingi kuusoma ni juu yako. Mtihani wa kuingia, vivyo hivyo. Foleni ya kazi ikikauka, unakodolea skrini tupu bure. Chukua malipo ya wiki, yagawanye kwa saa zote ulizokaa kitini, si zile tu zilizorekodiwa, uone ule ujira mnono umebaki kiasi gani.

Halafu kuna mlango. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la Scale AI ya Marekani, liliwafungia Wakenya, na waliolitegemea kwa kodi ya nyumba wakaamka hawana kazi. Wengi wao walikuwa wa kazi za chini, ndiyo, wachoraji wa visanduku kwenye picha ili mashine ijifunze kutambua vitu. Lakini mkataba wa mtaalamu hauna tofauti kubwa na wao: mkandarasi huru, asiye na likizo ya ugonjwa wala mwajiri wa kumchangia NSSF. Shahada ya uzamili haizuii akaunti kuzimwa.

Ajabu ni kwamba walio chini ndio waliotangulia kushikana mikono. Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kuchuja maudhui walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Wenye shahada bado kila mmoja yuko na laptopu yake, amefungwa mdomo na karatasi ya usiri, hajui mwenzake analipwa ngapi. Wawili wanaweza kuketi meza moja ya mkahawa pale Kilimani, wakinoa modeli ileile kwa viwango tofauti, wakaagana bila kujuana.