Kiatu Changu Kimekataa Kushuka

Niseme mapema kwamba mimi si mwanariadha. Mimi ni karani katika ofisi ya kupitisha mizigo mpakani hapa Busia, upande wa Uganda, nina kitambi cha heshima, na baiskeli naipanda kwa sababu moja tu: kutoka Dabani ninakoishi hadi mjini, pikipiki hunila nauli asubuhi na jioni kana kwamba nayo ina watoto wa kusomesha. Kwa hiyo nilipoiona ile baiskeli ya mtumba iliyosemekana kutoka Ujerumani, nyepesi kiasi kwamba mke wangu aliinyanyua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa na sufuria, nilikuwa nimekwisha kuilipia bila kuitazama miguuni. Ni nyumbani ndipo nilipogundua kwamba mahali pa pedali palikuwa na vidude viwili, kila kimoja kama mtego wa panya uliochoka kungoja. Nikakanyaga kwa ndala. Ndala ikaenda zake, nami nikaligonga goti langu kwenye usukani kwa kishindo kilichomtoa jirani ndani.

Mpwa wangu aliyeko Kampala, ambaye kila Jumapili huvipanda vilima vya mji ule kwa hiari yake bila kulipwa na mtu, alinieleza kwa simu kwamba hizo ni pedali za kubana. Unavaa kiatu maalumu ambacho chini ya soli kimefungwa kipande kidogo kiitwacho kliti, unakanyaga, unasikia "tak", na kuanzia hapo mguu na baiskeli ni mwili mmoja. Ukitaka kutoka, unazungushia kisigino nje. Nikamwuliza pedali hizo zinaitwaje kwa Kiingereza, nisije nikachekwa dukani. Akasema jina hilo, ukilifasiri, ni "pedali isiyo na klipu". Nilidhani mtandao umekatika. Kitu kinachomkamata mtu mguu kama askari kanzu kinaitwaje kisicho na klipu?

Kumbe jina lina historia yake. Zamani waendesha baiskeli wa mashindano walikuwa wakiingiza ncha ya kiatu ndani ya kikapu cha chuma kilichoota mbele ya pedali, kisha wakakaza mkanda wa ngozi juu yake, na kikapu hicho ndicho kilichoitwa klipu. Mwaka 1984 kampuni ya Kifaransa ya Look, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya kushikilia viatu vya watu wanaoteleza kwenye theluji, ilileta pedali inayoushika mguu bila kikapu. Mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio kubwa za baiskeli za Tour de France akiwa amezikanyaga, na tangu hapo pedali hiyo inaitwa kwa jina la kitu ilichokiondoa. Ni sawa na mwanamke aliyeolewa mara ya pili kuitwa maisha yake yote "yule asiye na mume wa kwanza". Na hiyo theluji yenyewe, hapa Busia tunaiona kwenye friji la soda tu, tena umeme ukiwepo.

Baiskeli yangu, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya ukoo huo wa mashindano, ambao kliti yake ni pande la plastiki linalofungwa kwa skrubu tatu na kujitokeza nje ya soli. Mpwa wangu aliniazima viatu vya namna hiyo nivijaribu. Mbele kumenyanyuka, nyuma kumeshuka, soli ngumu kama ubao wa kukatia nyama. Nilitoka sebuleni hadi chooni nikiwa nimeshika ukuta, na watoto wangu wakanifuata wakilia kwa sauti ya bata. Mke wangu alitazama mwendo ule kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Baba watoto, hivi hivyo viatu ni vya kwendea kazini au ni vya kukaa navyo kitandani?"

Ukoo wa pili ndio unaomfaa mtu anayeshuka kwenye baiskeli akaishi. Huo ulianza na kampuni ya Shimano mwaka 1990, kwa ajili ya baiskeli za milimani ambazo mwenyewe hulazimika kushuka na kusukuma. Kliti yake ni ya chuma, ndogo, inashikwa kwa skrubu mbili tu, na inakaa ndani ya shimo la soli ya mpira, hivyo mtu anatembea karibu kama binadamu. Ndani ya ukoo huo nilichagua pedali yenye sura mbili, upande mmoja wa kubana na upande mwingine bapa wa ndala, kwa kuwa baiskeli ya nyumba yenye mke na watoto haiwezi kuendeshwa na miguu ya baba peke yake. Uchaguzi huo nautetea hadi leo, ila nina lalamiko moja: ninapoutaka upande wa kubana, unaokuja juu ni wa bapa, na mke wangu anapoutaka wa bapa, unakuja wa kubana. Pedali ina pande mbili tu. Nilitazamia kwamba angalau nusu ya safari zangu ingekuwa na bahati.

Kuzitoa zile za zamani nako kulikuwa kisa. Ya kulia ilifunguka bila ubishi. Ya kushoto niliizungusha kwa spana namba 15 kama tunavyofungua vitu vyote duniani, ikagoma. Nikamwita shemeji yangu, tukaning'inia wawili juu ya spana ile kama nguo zilizoanikwa, ikazidi kugoma. Ilibidi niikokote baiskeli hadi kwa fundi wa pale mtaa wa Sofia, hapahapa Busia, mzee ambaye alikuwa akiziba pancha za bodaboda tangu zilipokuwa baiskeli. Alisikiliza habari yangu yote, akashika spana, akaizungusha upande ule mwingine, ikafunguka. "Karani," akasema, "pedali ya kushoto hesi yake ni ya kinyume, ili isijifungue yenyewe njiani. Nyinyi mmekuwa mkiikaza tangu jana." Kisha akakichukua kiatu changu kipya, akakigeuza, akakigonga kliti kwa kucha. "Na hiki, ni kiatu au ni kwato?"

Swali lake lilikuwa na haki ndani yake. Huu ndio mji unaohesabiwa kuwa ulizaa neno bodaboda, miaka ya 1960, wakati vijana walipovusha watu kwa baiskeli kati ya geti la Uganda na geti la Kenya wakiita abiria kwa jina la Kiingereza la mpaka, "border". Watu hao walibeba magunia, vitanda, na mabibi harusi, na miguuni walivaa lugabire, yaani viatu vya tairi ambavyo upande wa pili wa mpaka huitwa akala. Hakuna aliyewaambia kwamba mguu wao unateleza.

Fundi alizifunga kliti chini ya shina la kidole gumba, ndipo panapotakiwa, na akalegeza ile skrubu ndogo ya pedali inayoamua mguu ubanwe kwa nguvu kiasi gani. Mpwa wangu alikuwa amenishauri pia nichukue aina ya kliti inayoachia kisigino kikizungushwa kwa zaidi ya upande mmoja, kwa kuwa mwanafunzi akitaharuki hukumbuka kila upande isipokuwa ule unaotakiwa. Pamoja na hayo yote nilianguka. Sikuanguka kwa mwendo, ambako kungekuwa na hadhi yake. Nilianguka nikiwa nimesimama kabisa, mbele ya mama muuza maandazi, baada ya lori kunifungia njia nami nikasahau kwamba nina miguu ya kufungua. Kuanguka kwa namna hiyo ni kwa polepole mno. Nilipata muda wa kumwona mama yule akiyahamisha maandazi upande wa pili, na wa kumsalimia.

Ofisini tatizo ni sakafu. Soli ya mpira ikianza kulika, kliti hugusa marumaru, na hutoa mlio uleule wa viatu vya visigino virefu, tok, tok, tok. Sasa, ofisi yetu ina mkaguzi wa hesabu, mwanamke mkali anayetoka Kampala bila taarifa, anayevaa viatu vya aina hiyo. Wiki ya kwanza, kila nilipoingia, magazeti yalikunjwa, chai ikafichwa chini ya meza, na mafaili yakafunguliwa. Kisha wakaniona mimi, nikalaumiwa kana kwamba nimewatapeli.

Juu ya hayo kuna udongo. Mvua ikinyesha, tope letu jekundu hujaa kwenye lile shimo la soli, likashindiliwa kama ugali kwenye sahani, na pedali hukataa kushika kabisa. Kwa hiyo nina kijiti maalumu mfukoni cha kuchokolea viatu, na wenzangu hudhani ni cha meno.

Wiki iliyopita, asubuhi ya mvua, nilifika langoni mwa ofisi, nikashusha mguu wa kushoto, nikazungusha kisigino cha kulia. Kiatu kilizunguka vizuri sana. Kliti ndiyo haikuzunguka. Skrubu moja kati ya zile mbili ilikuwa imedondoka njiani, hivyo kiatu kikawa kinacheza juu ya iliyobaki kama mlango kwenye bawaba moja, huku pedali imeshikilia kliti yake kimya. Niliushika mlingoti wa geti nikajizungusha kwa kadiri ya dakika kumi, madereva wa malori yaliyokuwa foleni wakishusha vioo mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja wa Mombasa akaniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, kwani huwezi kuvua kiatu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikavua, nikashuka na soksi, na kiatu kikabaki juu ya baiskeli peke yake, kimekaa kama kinachosubiri abiria. Fundi wa Sofia aliitwa, akachungulia, akaona njia ni moja, akaifungua pedali yenyewe ikiwa na kiatu chake, akanikabidhi vyote viwili pamoja. Nikavikumbatia kwapani, nikaingia ofisini na kiatu kimoja cha kushoto. Tok. Kimya. Tok. Kimya. Nilisikia magazeti yakikunjwa, chai ikihamishwa, na kutoka nyuma ya rundo la mafaili sauti ya mwenzangu mmoja, yenye unyenyekevu ambao mimi sijawahi kuupata, ikisema, "Karibu madamu, na pole sana. Mguu umefanya nini?"