Kabati la Gemu ni Kazi ya Seremala Kwanza

Mtu anayetafuta maelekezo ya kujijengea nyumbani kabati la michezo ya video, yaani ile mashine ya kusimama yenye skrini, stiki na vitufe ambayo katika miaka ya 1980 ilijaa kwenye kumbi za burudani za Japani na Marekani, atakuta maelezo mengi kuhusu kompyuta, programu na nyaya, na maelezo machache mno kuhusu mbao. Baada ya kujenga la kwangu hapa Moshi kwa Jumamosi za miezi sita, naona mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Kompyuta ya kabati langu niliifunga kwa alasiri moja. Mbao ndizo zilizonila muda na fedha, ndizo zilizonitia adabu, na ndizo zinazoamua hadi leo kama mgeni atasimama mbele ya kabati kwa dakika tano au atakaa hapo mpaka chai ipoe.

Maelekezo ya nje karibu yote humtaka msomaji anunue MDF ya milimita 18. Sababu zao naziheshimu, kwa kuwa ubao huo ni laini pande zote, hauna vifundo, hukatika kwa unyoofu na hupokea rangi bila kuacha alama. Lakini MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, na nyuzi hizo zikipata maji hufura na hazirudi tena zilivyokuwa. Sisi tunaishi kwenye nyumba ambazo sakafu yake hupigwa deki kila asubuhi, na katika mji ambao masika ya Machi hadi Mei hufanya hata milango ya mbao ngumu igome kufunga. Kabati lenye mbavu, yaani mbao mbili za pembeni, za MDF zinazogusa sakafu ya namna hiyo litavimba miguu kabla watoto hawajaichoka gemu ya kwanza. Kuna pia suala la uzito ambalo wenye magari ya kubebea mizigo hawalioni: bodi moja ya futi 8 kwa 4 ya MDF hiyo hukaribia kilo 40, wakati plaiwudi ya ukubwa uleule huwa kilo 30 hivi. Mimi zangu za plaiwudi zilipanda barabara ya Rau juu ya guta, na aliyekuwa akisukuma guta hilo alinishukuru kwa uchaguzi wangu bila kujua kwamba niliufanya kwa ajili ya unyevu.

Mifupa ya ndani niliichagua saiprasi, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi katika maduka yetu na hushika skrubu vizuri. Tatizo ni kwamba mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji. Fundi ambaye nilikuwa nikifanyia kazi karakanani kwake aligonga moja ya mbao zangu kwa kidole, akaipima uzito mkononi, akaniambia, “Mwalimu, hii juzi ilikuwa mti. Ilaze kwanza.” Nilikuwa kwenye likizo na nilikuwa na haraka, nikaunga fremu jioni ileile. Baada ya wiki tatu mguu mmoja ulikuwa umejipinda kiasi cha kuinua kona nzima ya kabati kutoka sakafuni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mbao mbichi yenyewe haisubiri kukunjwa, hujikunja na kukunja kila ulichoifungia. Nilifungua skrubu zote, nikanunua mbao nyingine, nikazilaza chini ya paa kwa wiki sita huku nimezitenganisha kwa vipande vidogo ili hewa ipite kati yake, ndipo nikaanza upya. Fundi hakusema neno. Alinikabidhi bisibisi tu, na mimi nilielewa.

Huenda mtu akauliza iwapo kazi iliyofanyikia karakana ya fundi bado inastahili kuitwa ya kujifanyia mwenyewe. Swali hili nimeulizwa na rafiki zangu wawili, na nadhani limeagizwa pamoja na michoro. Anayeandika maelekezo hayo mara nyingi ana gereji yake, na ndani ya gereji ana msumeno wa meza, rauta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao) na vibanio visivyohesabika. Kwetu mashine hizo ziko kwa fundi, naye hutoza kwa mkato. Mtu anayekataa kumlipa fundi mikato minane ili ajivunie kwamba ameikata mwenyewe kwa msumeno wa mkono atapata mbavu mbili zisizofanana, na mbavu zisipofanana hakuna kitakachokaa sawa kati yake. Tena mji wetu ndio wenye Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kinachofundisha watu upasuaji wa magogo na kazi za mbao, na itakuwa ajabu kuishi Moshi na kuona haya kumuuliza anayejua.

Vipimo ndivyo sehemu ambayo ningependa kila anayefikiria kazi hii aitafakari kwa muda mrefu kuliko anavyotafakari kompyuta. Bodi ya futi 8 kwa 4 ina upana wa sentimita 122. Ukiamua kwamba kila ubavu utakuwa na kina cha sentimita 60, utapata mbavu mbili kutoka bodi moja na kubakiwa na sentimita mbili tu, ambazo nusu yake huliwa na meno ya msumeno na kusafisha kingo. Kimo cha sentimita 170 kinakuachia kipande cha sentimita 74 kwa ajili ya rafu na kifuniko cha juu. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini haikuambii mikono ya wachezaji itafikia wapi. Nilikata kwanza kiolezo cha ubavu kwa maboksi ya televisheni, nikakisimamisha ukutani sebuleni, nikaita watu wa nyumbani mmoja mmoja. Shemeji yangu ni mrefu, binti yangu ana miaka tisa, na mama mkwe, ambaye sikutarajia aje kabisa, alisimama akaweka viganja vyake hewani kama anayepima unga, akasema hapo panamtosha. Meza ya vitufe iliishia sentimita 92 kutoka sakafuni, chini kidogo ya nilivyokuwa nimekusudia, na mtoto akapata kigoda chake. Mashine za zamani zilipimwa kwa mtu asiyejulikana aliyeingia ukumbini na sarafu mfukoni. Ya nyumbani kwangu wachezaji wake nawajua kwa majina, na sioni sababu ya kumpimia nguo mtu ambaye hatakuja kuivaa.

Kabla ya kutoboa chochote ni lazima pia ujue utacheza nini, jambo ambalo wengi huliacha mwishoni. Pac-Man ya Namco, iliyotoka mwaka 1980, haina hata kitufe kimoja cha kuchezea. Ina stiki ya njia nne, basi. Street Fighter II ya Capcom ya mwaka 1991 inadai vitufe sita kwa kila mchezaji na stiki ya njia nane. Kati ya gemu hizo mbili kuna tofauti ya matundu 12 ya vitufe kwenye ubao wako, wakicheza wawili. Skrini nayo ina maneno yake. Pac-Man, kama ilivyokuwa Space Invaders ya mwaka 1978, iliwekwa kwenye skrini iliyosimama wima, na gemu nyingi nyingine za wakati ule zilitumia skrini ya kulala yenye uwiano wa 4 kwa 3. Nilinunua skrini ya kompyuta iliyotumika, ya inchi 19, zile zinazokaribia mraba ambazo maofisi yameziacha. Kimo chake ni sentimita 30 na upana wake hauzidi 38. Skrini pana ya inchi 24 ina kimo hichohicho cha sentimita 30, ila inakudai sentimita 53 za upana, na sehemu kubwa ya upana huo itakaa nyeusi ukicheza gemu za zamani. Kwa seremala hiyo ni mbao inayojengwa ili kuzunguka giza.

Matundu ndiyo yaliyokaribia kunishinda. Niliagiza vitufe kutoka China, na wakati nikivisubiri nikasoma mahali kwamba tundu ni la milimita 28, nikatoboa 12 kwa furaha. Vitufe vilipofika vilikuwa vya milimita 30. Kumbe kuna mikondo miwili, vile vya mtindo wa Kimarekani vinavyoingia kwenye 28 na vile vya mtindo wa Kijapani vinavyotaka 30, na tofauti ya milimita mbili ambayo kwenye karatasi ni upana wa mstari, kwenye plaiwudi ni balaa. Biti ya kutobolea tundu pana huongozwa na ncha yake ya katikati. Tundu likishakuwapo, ncha haina pa kushika, na biti hucheza huku na huku na kuchana tabaka la juu. Nilikwishaanza kukisia bei ya ubao mpya pale fundi alipookota kipande chakavu, akatoboa ndani yake tundu safi la milimita 30, akakibana juu ya tundu langu hadi yakalingana katikati, na akaipitisha biti humo. Kipande kile kiliishika biti kiunoni badala ya katikati. Chini ya ubao alikuwa ameweka kipande kingine ili tabaka la chini lisipasuke biti itokapo. Matundu 12 yalimalizika kabla ya adhana ya alasiri.

Kikatokea kingine. Vitufe na stiki za aina ile hubuniwa kwa ajili ya meza ya bati jembamba, na kwenye ubao wa milimita 18 shingo ya stiki haichomozi vya kutosha mkononi. Tuligeuza ubao, tukachimba upande wa chini kwa rauta na kumalizia pembe kwa patasi, mpaka pakabaki unene wa milimita 6 hivi. Hapa plaiwudi ilinilipa fadhila zangu zote. Kwa kuwa imejengwa kwa matabaka, kila mstari wa gundi unaoufikia unakuambia umeshuka kiasi gani, na ukitulia unaweza kuchimba sakafu iliyo sawa kwa kufuata rangi ya tabaka tu.

Kabati liliposimama barazani likisubiri rangi, jirani alipita, akaliangalia, na baada ya salamu ndefu kuliko kawaida akaniuliza kwa upole kama nina leseni. Alidhani ni mashine ya kamari, zile ambazo vijana huziita dubwi, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu umbo ni lilelile. Mashine hizo ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003, na si jambo la mtu kuwa nalo barazani penye watoto. Wajenzi wa nje hupenda kuweka mlango wa sarafu kwa ajili ya kumbukumbu, hata kama hautumiki. Kwangu nafasi ile imefunikwa na ubao mtupu, na namshauri yeyote wa huku afanye hivyo. Sisi hatuna kumbukumbu ya kumbi zile tuseme tunaitunza. Kumbukumbu yetu ni ya mabanda ya gemu yenye mabenchi, televisheni na kijana wa kupokea hela mlangoni. Tundu la sarafu kwenye kabati la sebuleni litamfundisha mtoto kitu kimoja tu, nacho si kizuri.

Kuhusu umeme sina mengi. Ndani kuna Raspberry Pi, na kompyuta ndogo za namna hiyo zinazotegemea kadi ya kumbukumbu huweza kuharibu data umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo betri ya akiba inastahili fedha yake kuliko taa za rangi. Nyuma nilitoboa safu mbili za matundu ya hewa, chini na juu, kwa kuwa joto hupanda. Programu ya MAME, inayowezesha kompyuta kuchezesha gemu za mashine za zamani na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997, ni ya bure, lakini gemu zenyewe zina wenyewe na hakimiliki zao bado ziko hai. Nilianza na chache ambazo wenye haki waliziruhusu kwa matumizi yasiyo ya biashara, kama Gridlee na Robby Roto, na nimeridhika nazo.

Kingo za plaiwudi ndizo za mwisho nilizozishughulikia. Maelekezo yanataka ukanda wa plastiki unaopachikwa kwenye mfereji mwembamba. Badala yake tulipasua vipande vya mgrivea, mti uleule unaotupa kivuli juu ya migomba na mibuni ya vihamba, tukavibandika kwa gundi, tukavipiga msasa na kuvipaka vanishi. Mgrivea una madoa yanayong’aa kama hariri ukiugeuza kwenye mwanga, na wageni huyagusa kabla hawajagusa stiki. Mwezi uliopita nilipita karakanani kudai bawaba za mlango wa nyuma, ambazo fundi bado ananidanganya nazo, nikakuta amehamisha kiolezo changu kutoka kwenye maboksi na kukikata kwa ubao mwembamba. Kimetundikwa msumarini kati ya kiolezo cha kichwa cha kitanda na cha mkono wa sofa, na kimeandikwa kwa penseli: gemu, tundu 30, mbao kavu.