Hofu Ikishapita, Damu Bado Inayo

Gari limekukosa kidogo tu. Umeruka pembeni, uko salama, lenyewe limeshatokomea. Dakika kadhaa baadaye mikono ingali inatetemeka, na aliye karibu nawe anasema: "Si yamekwisha? Tulia basi!" Kauli hiyo huniumiza, maana inaudai mwili jambo usiloliweza.

Kuruka kulikuwa kazi ya neva. Katika neva zenye kasi kubwa, ujumbe hupita hata mita 100 kwa sekunde, kisha umekwisha. Lakini wakati huohuo haipothalamasi, kisehemu kidogo chini ya ubongo, kilitoa amri mbili. Moja ilishuka kwa neva hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, nazo zikamwaga adrenalini: moyo ukaenda mbio, ini likaachia sukari. Nyingine ilizunguka kwa njia ya damu. Haipothalamasi iliiamsha pituitari, tezi isiyozidi punje ya njegere, nayo pituitari ikaziagiza adrenali zitoe kotisoli. Kotisoli haina haraka. Hufika kilele baada ya dakika 20 hadi 30 hivi, na kupungua hadi nusu huchukua saa nzima au zaidi. Homoni, yaani kemikali za ujumbe ndani ya damu kama hizi mbili, ni kama maji, zikimwagika hazizoleki; zinangoja kuvunjwavunjwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya ini.

Nadhani kosa linaanzia darasani, tunapofundishwa neva katika sura moja na homoni katika sura nyingine, kana kwamba hazijuani. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliisisimua vagasi, neva itokayo ubongoni hadi moyoni, kwenye moyo wa chura, na moyo ukapunguza mapigo. Akachukua majimaji yaliyouzunguka moyo huo, akayatia kwenye moyo wa chura mwingine. Nao ukapunguza mapigo, bila neva yake kuguswa! Kumbe neva nazo husema kwa kemikali. Noradrenalini, kemikali ya jamii moja na adrenalini, hutumika pande zote mbili: kwenye ncha za neva ni mjumbe wa jirani, ndani ya damu ni homoni.

Kwa hiyo anayetetemeka si mwoga, wala hajakataa kutulia. Kaa naye. Pumueni pamoja taratibu, mkitoa pumzi kwa kirefu, kwa sababu kila pumzi inapotoka vagasi huushika moyo na kuupunguzia mwendo. Na msimuhimize asimulie tukio mara tatu mfululizo. Ubongo ukilikumbuka kwa nguvu, amri zilezile zaweza kutumwa upya.