Mustang ya 1965 hufufuka kwa spea, fundi tunaye

Mgeni kutoka nyumbani akiiona Ford Mustang ya 1965 inang'aa barabarani hapa Marekani, neno lake la kwanza ni lile lile: wenzetu wanajua kutunza vitu. Mimi sikubali. Nyingi ya hizo Mustang zilishaoza vibaya, hasa kwenye majimbo ya baridi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Zimefufuka kwa sababu hadi leo unaagiza sakafu mpya, madigadi mapya, raba za vioo, hata vibandiko vya ndani ya boneti. Gari hili lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, na ndani ya miaka miwili hivi yakatengenezwa zaidi ya milioni moja. Gari lenye wateja wengi hivyo halikosi wa kulitengenezea spea. Uliza bati la sakafu la Peugeot 404 Kariakoo, uone utajibiwa nini.

Chukua ugonjwa wake mkuu. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingizia hewa. Mvua huingia humo, hupita kwenye boksi la mabati mawili yaliyochomelewa pamoja, kisha hutakiwa kutokea pembeni, nyuma ya madigadi. Majani yakiziba njia, maji hutuama, kutu hula shingo za njia za hewa, na ndani maji huanza kudondokea miguuni. Kupima hakuna gharama: toa zulia, mwingize mwenzio chini ya dashibodi na tochi, mimina lita tano za maji polepole upande mmoja, halafu upande wa pili. Tone moja likionekana, punguza bei au ondoka.

Kutibu ndiyo kazi. Toa madigadi, boneti na kioo. Piga msasa hadi vidoti vya kuchomelea vionekane, vitoboe kwa keketo maalumu inayokata bati la juu tu, inua bati, badilisha kilichooza, paka rangi ya zinki, chomelea upya, ziba maungio. Wapo wanaojaza silikoni kupitia kwenye matundu. Hiyo ni dawa ya kuuzia gari.

Hapa ndipo kwetu tunapodharauliwa bure. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anakugongea digadi kutoka bati tupu. Huku fundi wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi, na saa yake moja kwa kawaida hupita dola 100, ndiyo maana watu hununua bati lililokwisha kukunjwa. Tunachokosa nyumbani ni vipimo. Mustang haina chesi ya peke yake kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Ukikata sakafu pande zote mbili kwa pamoja, gari linapinda katikati na mlango haufungi tena. Kwanza gari likae kwa uzito wake juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli ya nyuma na mikono inayobeba magurudumu ya mbele, milango ifungwe na mianya yake ipimwe, kisha chomelea vyuma vya mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kata upande mmoja, maliza, ndipo uhamie wa pili. Kunyoosha kwa macho na kamba hakutoshi hapa, hata fundi awe hodari vipi.

Na puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi kabla ya rangi? Puti si yetu peke yetu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe sehemu ya chini ya bodi nyuma ya magurudumu. Isiponata, unanunua puti iliyopakwa rangi.

Ujanja pia upo huku. Namba ya gari iliyogongwa kiwandani, ikianza kwa mfano na 5F07C, husomwa hivi: mwaka 1965, kiwanda cha Dearborn, bodi ya paa gumu, injini ya V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 289. Herufi T ingekuwa injini ya silinda sita. Ukikuta T na chini ya boneti kuna V8, hesabu nati za gurudumu. Zikiwa nne badala ya tano, mtu ameweka injini nzito na kuacha breki na ekseli za gari dogo.

Breki zenyewe hadi 1966 zilikuwa za mfumo mmoja: hozi moja ikipasuka, pedali inafika chini na gari zima halina breki. Masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, yenye vyumba viwili, kama iliyoanza 1967, ndiyo kitu cha kwanza kubadilisha, kabla ya rangi. Fikiria kushuka mlima Kitonga na ile ya zamani.

Kuhusu wanaotaka kuisafirisha nyumbani: Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, wala usukani wa kushoto, na Tanzania kuna ushuru wa uchakavu unaouma. Hata zamani gari la Marekani halikututawala: Mercury Comet, ndugu wa ukoo wa Mustang, zilipelekwa kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1964. Lakini aliyeshinda ni Peter Hughes na kijigari chake cha Ford Cortina.

Kwa hiyo ukipata nafasi kwenye kontena, acha Mustang huku. Weka keketo za kutobolea vidoti, kipimo cha unene wa rangi, mashine ndogo ya kuchomelea kwa gesi na waya wa milimita 0.6, na vitabu vya vipimo vya bodi vya 404 au Land Rover ya mzee iliyolala uani. Fundi yupo tayari.