Mizani Tisa

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la washairi la WhatsApp, kijana mmoja alituma shairi la kuuaga mwaka. Mshororo wa kwanza ulisema: "Mwaka huu unaondoka, na elimu tumepata." Hazikupita dakika tano, mzee wetu mmoja wa Tanga akajibu kwa ujumbe wa sauti, anahesabu taratibu kama anayegawa karanga: mwa-ka-hu-u-u-na-o-ndo-ka. Tisa. Kipande cha kwanza kilitakiwa kiwe na mizani, yaani silabi, nane; kimezidi moja.

Kijana akakiri kwamba ametungiwa na ChatGPT. Tena alipoibana, mashine ilimwomba radhi, ikahesabu upya, ikamhakikishia ni nane.

Hapo kundi likawaka. Wapo waliotaka atolewe siku hiyo hiyo. Hoja yao si ya kubezwa: ushairi wa arudhi, yaani wa kufuata kanuni, hujifunzwa kwa vidole, na asiyehesabu hajifunzi. Mashine yenyewe haisomi silabi kama sisi. Hukata maandishi vipande kwa namna yake, na Kiswahili ilicholishwa ni kiduchu ukilinganisha na Kiingereza. Ndiyo maana hutoa maneno laini yenye mizani ya kubahatisha.

Upande wa pili aliusemea mwalimu mmoja wa sekondari, na mimi naegemea kwake zaidi. Kijana yule anaishi mbali na mshairi yeyote. Maana ya inkisari na mazida, yaani kufupisha na kurefusha neno ili mizani itimie, aliipata kwa kuiuliza mashine hiyo hiyo saa tano usiku, na ilimweleza sawasawa. Angemuuliza nani? Sisi wenyewe mwezi Machi tulimcheka mgeni aliyeuliza kina ni nini, zile silabi za kufanana mwishoni mwa vipande, na hakurudi tena.

Isitoshe, kujifunza kwa kuumbuliwa hadharani hakukuletwa na simu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi. Mtu akiuliza kwa beti, wengine humjibu kwa beti, na aliyekosea vina hukosolewa mbele ya wasomaji wote. Tofauti ni subira. Barua ilisafiri, mhariri akachuja, wewe ukasubiri toleo lijalo huku ukirudia kuhesabu. Leo tunatuma kwanza, tunahesabu tukishakosolewa. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kundi lilifurika mashairi ya pongezi hadi nikazima mlio wa simu. Sidhani kama nusu yake yalisomwa na walioyatuma.

Lakini ubaya wa mashine unatushughulisha mno, tunasahau jambo ambalo mimi naliona zito zaidi. Kurasa za Mambo Leo bado zinasomeka maktaba, miaka mia moja baadaye. Malumbano yetu ya mwaka huu, pamoja na somo zima la mzee wa Tanga kuhusu vina vya kati, yako ndani ya simu zetu tu. Simu ikiibwa Kariakoo, na huna nakala mahali pengine, somo limekwenda nayo. Sauti ndiyo mbaya kuliko zote: huwezi kuitafuta kwa neno, na ukishabadilisha simu, mara nyingi haifunguki tena.

Kijana hakutolewa. Mzee mwenyewe alikataa, akamwambia arekebishe palepale bila mashine. Tukamwona anaandika, anafuta, anaandika. Baada ya kama dakika ishirini kikaja kipande kimoja: "Mwaka sasa waondoka." Nane. Mzee akamjibu kwa neno moja, "Endelea," na kwa mzee yule hiyo ni sifa kubwa.

Tangu siku hiyo nimenunua kaunta buku, na kila jioni nanakili yaliyomo kundini kwa kalamu, ya mashine nikiyawekea nyota pembeni. Nimefika mwezi wa Mei. Sauti tatu za Februari zimegoma kufunguka.